Kijana Aliyeifundisha Kompyuta Kukimbia

Mwaka 1982 kampuni ya Brøderbund ya California ilipokea disketi kutoka kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Ndani yake mlikuwa na gemu iliyoitwa Deathbounce: chombo cha angani, mipira inayodundadunda kila upande, na mchezaji anayefyatua risasi kabla hajagongwa. Mtumaji, Jordan Mechner, alikuwa na umri wa miaka 18 hivi. Msimbo wote aliuandika mwenyewe, picha zote alizichora mwenyewe, na aliamini kwamba sasa ni zamu yake kuona jina lake dukani.

Doug Carlston, aliyeianzisha kampuni hiyo mwaka 1980 pamoja na ndugu yake Gary, alimpigia simu. Alimweleza kwa heshima kwamba gemu haichapishiki. Kisha akamtumia zawadi: nakala ya Choplifter, gemu mpya ambayo kampuni ilikuwa imeitoa mwaka huohuo, pamoja na kijiti cha kuichezea (joystick).

Choplifter ilikuwa kazi ya Dan Gorlin. Helikopta inavuka mpaka kwenda kuokoa mateka. Ikiongeza mwendo inainamisha pua, ikipunguza, inajinyanyua. Lakini jambo lililowashangaza watu lilikuwa chini, mchangani. Mateka wenyewe ni vijitu vya pikseli chache tu, hawana sura wala vidole, na bado wanatoka mbio kwenye jengo linalowaka na kupunga mikono. Rubani akitua ovyo, anawaponda. Mchezaji aliyezoea kulipua vitu bila kujali alijikuta anaona huruma.

Mechner alielewa somo. Hadi hapo alikuwa ameiga gemu za watu wengine. Kuanzia hapo akaanza kuiga watu wenyewe, namna wanavyotembea, wanavyoyumba na wanavyoanguka, na karibu kila kitu kilicholidumisha jina lake kilitokana na badiliko hilo.

Shule ya kunakili

Alizaliwa New York mwaka 1964 na kukulia jimbo hilohilo, kwenye mji mdogo wa Chappaqua. Kompyuta aina ya Apple II ilitoka mwaka 1977, akiwa na miaka 13, na ndiyo iliyomteka. Siku hizo hapakuwa na kozi ya kutengeneza gemu wala intaneti ya kuulizia. Kijana alijifunza kwa kuangalia gemu za kulipia sarafu kwenye kumbi za michezo, kisha akarudi nyumbani kujaribu kuziunda upya kwa kumbukumbu ya kichwa. Programu zilizohitaji kasi ziliandikwa kwa lugha ya mashine yenyewe, amri moja baada ya nyingine, kwa prosesa ya 6502 iliyokwenda kwa kasi ya takriban megahezi moja.

Kazi yake ya kwanza iliyokaribia soko ilikuwa nakala ya Asteroids, gemu ya Atari ya mwaka 1979 ambamo mchezaji anapasua mawe yanayoelea angani. Mechner aliinakili kwa ustadi mkubwa, na mchapishaji mmoja akawa tayari kuitoa. Hapo Atari ilikuwa imeanza kuwaandama kwa wanasheria wale walioiga gemu zake, na mpango ukafa. Kijana akabadilisha mawe kuwa mipira, akaongeza mbinu mpya hapa na pale, na hivyo ndivyo Deathbounce ilivyozaliwa. Ukijua asili hiyo, jibu la Carlston halishangazi. Gemu ilikuwa safi kama kazi ya mikono, lakini haikuwa na kitu ambacho mtu hajakiona.

Mwalimu wa karate na baba juu ya gari

Yale alisoma saikolojia, lakini muda mwingi aliutumia kwenye kumbi za chama cha filamu. Alitazama filamu bubu, akatazama Seven Samurai ya Akira Kurosawa, akasoma habari za wachoraji wa katuni wa zamani. Huko ndiko alikokutana na mbinu ya Max Fleischer, ambaye mwaka 1915 aliomba hataza ya kifaa cha kuchora katuni juu ya filamu ya mtu halisi: unampiga mtu picha akitembea, unaitazama fremu moja, unaifuatisha kwa penseli, kisha unakwenda fremu inayofuata. Walt Disney naye alitumia filamu za watu halisi kuwasaidia wachoraji wa Snow White. Mechner akajiuliza kwa nini kompyuta isifanyiwe hivyohivyo.

Alichukua kamera ya filamu ya Super 8 na kumpiga picha mwalimu wa karate akipiga ngumi, mateke na kujihami. Baba yake, Francis Mechner, alivalishwa nguo nyeupe za karate, akakimbia mbele ya kamera, na kwa ajili ya tukio la shujaa kupanda ukingo wa mwamba akapanda juu ya gari la familia. Filamu iliposafishwa, Mechner alifuatisha umbo la mtu kwenye karatasi, fremu baada ya fremu, kisha akaiingiza michoro hiyo kwenye kompyuta nukta kwa nukta.

Skrini ya Apple II ilikuwa na pikseli 280 kwa upana na 192 kwa kimo. Kwa hesabu hiyo mpiganaji mzima alipata nafasi finyu sana. Uso wake ulikuwa doa. Lakini uzito wa mwili ulionekana. Mguu ulipotangulia, kiuno kilifuata. Teke liliporushwa, bega la upande wa pili lilirudi nyuma. Hakuna mchoraji wa kubuni ambaye angekumbuka kuweka mambo hayo yote, ila mwili wa mtu halisi haukuyasahau.

Gemu hiyo, Karateka, ilitolewa na Brøderbund mwaka 1984. Hadithi yake ni fupi: Mariko ametekwa na mbabe aitwaye Akuma, na kijana wa karate anaingia ngomeni peke yake kumkomboa. Namna ilivyosimuliwa ndiyo iliyokuwa mpya. Kabla ya pambano, skrini inamwacha shujaa na kuonyesha mlinzi akitoka mbio upande wa pili, kisha inarudi kwa shujaa, kisha kwa mlinzi tena, jinsi filamu bubu zilivyofanya tangu zama za mwongozaji D. W. Griffith. Mtazamaji anajua wawili hao wanakaribiana kabla wao hawajaonana.

Muziki aliutunga Francis, baba yuleyule aliyepanda juu ya gari. Alikuwa mwanasaikolojia na mpiga piano, mzaliwa wa Vienna ambaye utotoni aliwakimbia Wanazi. Kuitungia Apple II muziki halikuwa jambo dogo. Spika yake ilikuwa ya kubofyabofya tu, na prosesa ileile iliyochora picha ndiyo iliyopaswa kuibofya. Ndiyo maana vipande vyake ni vifupi, kila mhusika ana sauti yake, na hakuna noti ya ziada.

Karateka pia ilikuwa na utundu wa kijana wa miaka 20. Ukimfikia Mariko huku umekunja ngumi kama mtu wa vita, anakupiga teke moja na unakufa papo hapo. Lazima umwendee kwa mwendo wa amani. Na ukiiweka disketi kichwa chini miguu juu, gemu nzima inachezeka ikiwa imepinduka. Wengi walidhani mashine imeharibika. Mwaka 1985 Karateka ilifika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya programu za kompyuta ya jarida la Billboard, na Mechner akahitimu chuo akiwa na kipato cha mrabaha mkononi.

Mdogo wake kwenye uwanja wa magari

Kwa gemu iliyofuata alitaka mwili unaofanya mambo mengi zaidi ya kupigana. Mwaka 1985 alimchukua mdogo wake David, kijana wa sekondari, hadi kwenye uwanja wa kuegesha magari ng'ambo ya barabara kutoka shuleni. David alivaa nguo nyeupe zisizobana. Akaambiwa akimbie, ageuke ghafla, aruke, adandie ukingo na kujivuta juu. Kamera ya video ilikuwa ghali kuliko mfuko wa Mechner, hivyo aliinunua dukani, akaitumia, kisha akairudisha kabla muda wa kurudishiwa fedha haujaisha.

Mwaka 1986 alihamia California na kupewa chumba katika ofisi za Brøderbund, San Rafael. Hakuwa mwajiriwa, alikuwa mtengenezaji huru ambaye angelipwa gemu ikiuzwa. Swali likawa namna ya kuitoa picha ya David kwenye kanda na kuiingiza kwenye kompyuta, maana hapakuwa na kifaa cha bei nafuu cha kufanya kazi hiyo kwa mkupuo mmoja.

Njia aliyoibuni ilikuwa ndefu. Aliiweka kanda kwenye deki, akaisimamisha kwenye fremu aliyoitaka, akazima taa na kuipiga televisheni picha kwa kamera ya kawaida ya filamu ya milimita 35. Akapeleka filamu kusafishwa studio ya mtaani. Picha ziliporudi alizipanga kwa mfuatano, akalijaza umbo la David kwa kalamu nene nyeusi na kuzifuta takataka za pembeni kwa wino mweupe wa kufutia makosa, hadi akabaki na kivuli cheusi juu ya karatasi nyeupe. Akatoa fotokopi. Fotokopi hiyo akaielekezea kamera ya video iliyounganishwa na Apple II kupitia kadi maalumu, na hapo ndipo umbo likaingia kwenye mashine. Bado kazi ilikuwa haijaisha, kwa sababu kila umbo lilipaswa kusafishwa tena kwa mkono, pikseli kwa pikseli, hadi mkono uwe mkono na kisigino kiwe kisigino.

Matokeo yalipojitokeza kwenye skrini, yalikuwa ni David. Kijitu cheupe kilikimbia, kikashindwa kusimama ghafla kwa sababu mwili unaokimbia hausimami ghafla, kikateleza hatua moja kabla ya kutulia. Kikiruka shimo na kukosa ukingo kwa inchi moja, kilianguka chini na kuvunjika. Wachezaji waliozoea wahusika wanaogeuka hewani kama inzi walilazimika kujifunza upya kwamba mtu ana uzito.

Hadithi aliichota kutoka mahali ambapo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelekezwa: Alfu Lela u Lela. Sultani yuko vitani mbali, waziri wake Jaffar amejinyakulia madaraka, na binti mfalme amepewa saa moja: amkubali Jaffar au afe. Kijana anayempenda yuko gerezani chini ya kasri, na mchezaji ana dakika 60 halisi za saa ya ukutani kumtoa huko na kumfikisha juu. Jina la Jaffar lilitoka kwenye filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940, na kurukaruka juu ya mitego kulitokana na dakika za mwanzo za Raiders of the Lost Ark. Gemu ikaitwa Prince of Persia.

Kilobaiti zilipokwisha

Mechner hakukaa nayo mfululizo. Alikuwa pia anaandika mswada wa filamu, na kwa miezi kadhaa aliiacha gemu ili aufuatilie mswada huo Hollywood. Filamu haikutengenezwa. Aliporudi San Rafael aliikuta Apple II imezidi kuzeeka na soko lake linasinyaa, na gemu yenyewe ikiwa na kasoro ambayo wenzake waliitaja waziwazi.

Kasoro ilikuwa kwamba hapakuwa na adui. Baada ya mapigano ya Karateka, Mechner alitaka safari hii stelingi asimpige mtu, bali ashindane na mapengo, misumari ya sakafuni na visu vya milangoni. Wazo lilivutia, ila kucheza kulichosha haraka. Tomi Pierce, mwenzake wa Brøderbund, hakuchoka kumkumbusha: weka mapigano. Jibu lake lilikuwa lilelile, kwamba kumbukumbu imejaa. Mashine ilikuwa na kilobaiti 128, kiasi ambacho picha moja ya simu ya leo ingekimaliza na kukidai zaidi, na miondoko ya David ilikuwa imekula sehemu kubwa. Kumweka mtu wa pili mwenye miondoko yake mwenyewe hakukuwezekana.

Wazo lililomwokoa lilianza na swali: itakuwaje adui akitumia picha zilezile za shujaa? Prosesa ya 6502 ina amri inayolinganisha nukta mbili. Zikiwa sawa, inazima, zikitofautiana, inawasha. Mechner alichukua umbo la shujaa, akalisogeza pikseli moja pembeni, kisha akalilinganisha na lenyewe. Sehemu zote za katikati zilizimika, zikabaki kingo tu zinazometameta. Kwa gharama ya kumbukumbu isiyofika popote akapata kiumbe kipya, chenye mwendo wa shujaa na sura ya jini. Wakamwita Mtu Kivuli.

Kivuli kilipopatikana, hadithi ikabadilika. Katika hatua ya nne shujaa anakuta kioo kimemzibia njia. Anarukia ndani yake, na Kivuli kinatokea upande wa pili na kukimbia. Baadaye kinamwibia dawa mbele ya macho yake, kisha kinamfungia lango ili aporomoke. Karibu na mwisho wanakutana uso kwa uso, panga mkononi. Mchezaji akikichoma Kivuli, anaona uhai wake mwenyewe ukipungua. Ufumbuzi ni kuurudisha upanga alani na kutembea kukielekea, na hapo wawili wanaungana kuwa mmoja. Ni wazo lilelile la Mariko na teke lake, likiwa limekomaa: kuna milango ambayo mtu wa vita hafunguliwi. Safari hii halikuanza kama falsafa. Lilianza kwa uhaba wa kilobaiti.

Pierce hakuridhika bado, na alikuwa na haki. Kivuli kilikuwa kimethibitisha kwamba adui anahitajika. Mechner akaupitia msimbo wake, akaubana, akaondoa kilichoweza kuondolewa, mpaka akapata nafasi ya walinzi wa kasri na mapigano ya panga. Lakini mapigano hayo angeyatoa wapi? Yeye na mdogo wake hawakuwa mafundi wa upanga. Alikwenda kwenye filamu ya mwaka 1938, The Adventures of Robin Hood, katika pambano la mwisho kati ya Errol Flynn na Basil Rathbone. Kwenye pambano hilo kuna sekunde chache ambapo kamera inawaona wawili hao ubavuni kabisa, mmoja kushoto na mwingine kulia, miili yote ikionekana. Sekunde hizo zilimtosha. Kuchoma, kukinga na kurudi nyuma kwa mwana wa mfalme wa Uajemi kumenakiliwa kutoka kwa Errol Flynn.

Soko lilichelewa kuelewa

Prince of Persia ilitoka Oktoba 1989 kwa ajili ya Apple II, muziki ukiwa tena wa Francis. Waandishi wa majarida waliisifu sana. Maduka hayakuitaka. Wenye Apple II walikuwa wamepungua, na wauzaji hawakuona sababu ya kuitengea rafu. Toleo la kompyuta za DOS la mwaka 1990 nalo lilisuasua nyumbani Marekani. Kwa muda ilionekana kama kazi ya miaka minne imezama.

Iliyoiokoa ni safari. Japani iliipokea vizuri kwenye kompyuta zake za PC-98, Ulaya ikaipenda, na mwaka 1992 likaja toleo la Macintosh lenye picha zilizochorwa upya na boksi jipya. Hilo liliivuta gemu kurudi madukani Marekani, na toleo la DOS nalo likafufuka. Katika miaka iliyofuata ilihamishiwa karibu kila mashine iliyokuwepo, na nakala zilizouzwa zikazidi milioni mbili. Mwaka 1993 ikapata mwendelezo, mwaka 2003 kampuni ya Ubisoft ikaifufua kwa The Sands of Time ambayo Mechner alishiriki kuiandika, na mwaka 2010 Disney ikaitoa kama filamu, akiwa miongoni mwa walioitunga hadithi yake. Yule aliyeacha gemu yake afuate mswada Hollywood alifika Hollywood kwa mlango wa gemu hiyohiyo.

Disketi kabatini

Msimbo wa awali wa Apple II ulikuwa umepotea kwa muda mrefu. Mwaka 2012 Francis alipekua kabati la nyumbani, akakuta boksi lenye disketi za mwanawe na kumtumia. Disketi za zamani husahau; sumaku yake hudhoofika mwaka hadi mwaka, na jaribio baya la kuzisoma laweza kuziua kabisa. Mechner aliwaita Jason Scott, mhifadhi wa historia ya kompyuta, na Tony Diaz, mkusanyaji wa mashine za Apple II. Wakazisoma kwa vifaa vilivyofaa, na mwezi Aprili msimbo wote ukawekwa wazi kwenye GitHub, kila mtu ausome.

Walioufungua walikuta maelfu ya mistari ya lugha ya 6502, na ndani yake majedwali marefu ya namba. Kila safu ni fremu moja: picha ipi ichorwe, isogezwe pikseli ngapi mbele, ngapi chini, mguu ukanyage wapi. Hayo majedwali ndiyo mbio za David, zilizogeuzwa hesabu. Wapenzi wa mashine za kale wameutumia msimbo huo kuipeleka gemu kwenye kompyuta ambazo hazikuwahi kuwa nayo, ikiwemo BBC Master ya Uingereza, na mwendo umebaki uleule.

Deathbounce nayo haikupotea. Mwaka 2023 kampuni ya Digital Eclipse ilitoa The Making of Karateka, mkusanyiko wa gemu, michoro, barua na filamu za Super 8 za miaka ile, na ndani yake gemu iliyokataliwa mwaka 1982 inachezeka, hata toleo lake lililotengenezwa upya kwa mashine za leo. Ukizicheza zote mfululizo, tofauti haiko kwenye ufundi wa kuandika programu, kwa maana aliyeandika Deathbounce tayari alikuwa fundi. Tofauti ni kwamba Deathbounce haina mtu ndani yake, na Karateka ina baba wa Mechner aliyepanda juu ya gari kwa sababu mwanawe alimwomba.